Dawa ya Tairi Ikizidi Huishia Mlangoni

Jioni, katika yadi za kampuni za utalii za Arusha zilizotapakaa Njiro, Sakina na Kisongo, Land Cruiser zilizorudi kutoka mbugani hupita hatua zilezile. Maji ya presha hupigwa chini ya bodi, povu hushuka kutoka juu, mikeka hutolewa na kukung'utwa, vioo hufutwa, na mwisho kijana mwenye chupa ya kupulizia huzunguka gari akinyunyizia matairi dawa hadi yawe meusi tii, yanang'aa utadhani hayajawahi kukanyaga barabara. Hatua hiyo ya mwisho haimalizi dakika mbili, na ndiyo inayoharibu kazi ya saa nzima iliyotangulia. Kesho yake gari likifika Makuyuni, kilomita zipatazo 80 kutoka mjini, nyuma ya kila gurudumu kuna vitone vya mafuta vilivyopanda madigadi hadi mlangoni, na kila kitone kimeshashika vumbi lake. Wengi huilaumu dawa: ni feki, imechakachuliwa, haishiki. Hoja ya makala haya ni nyingine. Dawa ya tairi huchafua gari kwa sababu imepewa kazi ya brashi, yaani kuficha uchafu uliopaswa kuondolewa, na kazi hiyo haiwezekani bila kuimwaga. Tairi lililosuguliwa sawasawa huhitaji dawa kidogo sana, na dawa kidogo haina cha kurusha.

Namna tone linavyoruka inaeleweka kwa hesabu ya shuleni. Gurudumu la 7.50R16, ambalo ni la kawaida kwenye Land Cruiser za utalii, lina kipenyo cha sentimita 80 hivi, kwa hiyo likizunguka mara moja gari husogea mita 2.5. Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, ambao ndio kikomo cha mjini na pia cha ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, gurudumu huzunguka zaidi ya mara 5 kila sekunde, na tone lililo kwenye bega la tairi, karibu na meno, huvutwa nje kwa nguvu inayokaribia mara 50 ya uzito wake. Dereva akifikisha kilomita 80 kwa saa kwenye lami ya kuelekea Makuyuni, nguvu hiyo huvuka mara 120. Hakuna umajimaji unaovumilia mvuto wa namna hiyo. Kinachobaki ni utando mwembamba ulioshikana na mpira wenyewe. Chochote kilichokaa juu ya utando huo kitaondoka, na njia yake ya kuondokea ni kwenye rangi ya gari. Ndiyo maana dawa ya bei kubwa iliyomwagwa hutia madoa sawasawa na ya bei ndogo iliyomwagwa, na mwenye gari anayebadili chapa kila mwezi akitafuta isiyoruka anatafuta kitu ambacho hakipo dukani.

Tairi la gari dogo la mjini lina ubavu laini, na makosa ya mpakaji husamehewa. Tairi la safari halisamehe. Matairi ya njia mbovu yameongezewa vinundu mabegani ili yashike kwenye matope na kuukinga ubavu dhidi ya mawe. Yana herufi kubwa zilizonyanyuka, mifereji kati ya kinundu na kinundu, na mkunjo unaozunguka pale tairi linapokutana na rimu. Ukipulizia dawa, haisambai. Iliyotua juu ya kinundu huteleza hadi mferejini na kutuama humo, huku uso wa kinundu ukibaki na mabaka. Mpakaji akiona mabaka huongeza, na anachoongeza nacho hushuka mferejini. Usiku kucha ziada yote huteremka taratibu, na asubuhi kuna duara la mafuta kwenye sakafu ya yadi kwa kila gurudumu. Ubaya mwingine wa chupa hauonekani kabisa: ukungu wake hupenya matundu ya rimu za chuma na kutua kwenye diski na pedi za breki. Kwa gari lenye abiria sita na mizigo yao linaloteremka kwa njia ya Seneto kuingia kreta ya Ngorongoro, hilo si jambo la urembo tena.

Ili kuona kwa nini brashi ina kazi kubwa kuliko dawa, inafaa kujua weusi wa tairi unatoka wapi. Mpira wa asili si mweusi. Matairi ya mwanzoni mwa karne ya 20 yalikuwa meupe au ya kijivu, na ndiyo sababu yule mtu wa matairi wa kampuni ya Michelin, aliyebuniwa mwaka 1898, ni mweupe mpaka leo. Weusi ulishika kasi kuanzia miaka ya 1910, watengenezaji walipoona kwamba masizi ya kiwandani yakichanganywa na mpira huufanya uwe mgumu zaidi na udumu barabarani. Masizi hayo pia humeza miale mikali ya jua kabla haijaula mpira. Zaidi ya masizi, ndani ya mpira hutiwa nta na kemikali zinazosafiri polepole kuja juu ili kuukinga dhidi ya ozoni iliyomo hewani, na kemikali hizo zikishapambana na hewa hugeuka kahawia. Kwa hiyo ule ukahawia wa ubavuni si vumbi la njiani peke yake. Ni kinga ya tairi iliyokwisha kufanya kazi yake, vumbi, na mabaki ya dawa ya wiki iliyopita, vyote vimeshikamana. Dawa mpya ikimwagwa juu ya mchanganyiko huo haigusi mpira hata kidogo. Inaushika uchafu, na uchafu ukibanduka inaondoka nao.

Kazi yenyewe huanza kwa tairi kuoshwa kabla ya bodi, likiwa limepoa na liko kivulini. Maji ya presha hutangulia kutoa matope yaliyoganda kati ya meno na upande wa ndani wa gurudumu. Kisha huja sabuni kwenye ndoo yake yenyewe, isiwe ndoo ya bodi, maana mchanga wa tairi ukifika kwenye rangi huikwaruza. Msuguo wa kwanza wa brashi ngumu hutoa povu la rangi ya chai ya maziwa. Suuza, rudia. Povu la pili hupauka, na kwa tairi lililozoea kumwagiwa dawa nzito huenda la tatu ndilo litakaloanza kuwa jeupe. Povu jeupe ndicho kipimo, si saa wala hesabu ya misuguo. Kwenye tairi lenye vinundu brashi kubwa hupita juujuu tu, kwa hiyo mferejini huingizwa brashi ndogo, na mswaki mkuukuu unafaa kuliko vifaa vingi vinavyouzwa kwa jina la kazi hii. Vumbi la nyanda za juu za Ngorongoro na tambarare za Serengeti lina asili ya majivu ya volkano. Ni laini mno, linaingia hadi kwenye kona za herufi, na maji matupu huligeuza tu kuwa tope jembamba linalokauka tena palepale. Tairi likishatoa povu jeupe, likasuuzwa na kukauka, asiyewahi kuliona hivyo hushangaa: ni jeusi tayari, weusi uliopoa, usiong'aa, wa mpira wenyewe. Hapo swali la kwanza linapaswa kuwa kama dawa inahitajika hata kidogo.

Jibu likiwa ndiyo, kuna hatua moja inayorukwa kuliko zote, nayo ni kukausha. Arusha iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, ubavuni mwa Mlima Meru, na Juni na Julai, msimu mkubwa wa watalii ukianza, mawingu na baridi hufanya mpira uliooshwa jioni ubaki na unyevu hadi usiku. Dawa iliyopakwa juu ya unyevu huelea, haishiki. Hewa ya kompresa ileile inayojaza upepo hutoa maji mferejini kwa muda mfupi, kitambaa kikamalizia. Ndipo dawa iwekwe, kidogo, kwenye sponji na si kwenye tairi. Sponji huzungushwa ubavuni. Kwenye vinundu hutumika brashi ya rangi ya inchi moja iliyokatwa nywele zibaki fupi na ngumu, ikichovywa ncha tu. Meno yanayogusa barabara hayapakwi kamwe. Baada ya robo saa hivi, kitambaa kikavu hupitishwa tairi zima, na hapa wengi huona kama wanafuta pesa zao, kumbe wanachofuta ni madoa ya kesho ya mlangoni. Mwisho gari husogezwa nusu mzunguko wa gurudumu ili sehemu iliyokuwa chini ije juu na mifereji yake ikaguliwe. Kwa gari linaloondoka alfajiri, kazi hii ifanyike jioni. Dawa iliyopata usiku mzima wa kukauka ina tabia tofauti kabisa na iliyopakwa mgeni akiwa tayari anapakia mabegi.

Kuhusu dawa yenyewe, zilizo madukani ni za makundi mawili. Moja ni ya maji, nyeupe mithili ya losheni, yenye silikoni iliyochanganywa humo. Hukauka, huacha weusi wa wastani, na ndiyo inayofaa hapa. Nyingine ina kiyeyushi cha petroli, ni angavu na ya kuteleza, hung'aa sana na hukawia kukauka, kwa hiyo hurusha zaidi na kunata vumbi zaidi. Kundi la tatu halina duka: oili chafu ya injini iliyozimuliwa kwa dizeli. Anayeitumia ili kuokoa shilingi anaharibu tairi kwa mkono wake, kwa kuwa mpira wa asili hunywa mafuta ya petroli, ukavimba na kulegea. Arusha ni mji wa mwisho kuwa na udhuru wa kutojua hili. Kiwanda cha General Tyre, kilichoanzishwa mwaka 1969 kwa ubia wa Serikali yenye asilimia 74 na mbia wa Kimarekani mwenye 26, hisa zilizokuja kuwa za Continental ya Ujerumani, kilitengeneza matairi hapahapa kwa miongo kadhaa kabla ya kusimama mwishoni mwa muongo wa kwanza wa karne hii. Mashamba ya mpira ya Kihuhwi kule Muheza na Kalunga kule Kilombero yalikuwa sehemu ya mpango huohuo. Mji ulioujua mpira tangu utomvu wake haupaswi kuupaka dizeli.

Pingamizi la kwanza ni la biashara, na lina uzito. Mtalii aliyelipa fedha nyingi anataka gari linalong'aa, na picha ya kwanza ya safari yake hupigwa mbele ya gari hilo. Arusha hupenda magari yake yapendeze. Oktoba 2024, Land Rover zilipomiminika mjini kwa tamasha lao, mabodi na matairi yalikuwa maonyesho kamili. Lakini tuangalie picha hiyo inadumu kwa muda gani. Lami inaishia lango la Lodoare la kuingilia Ngorongoro, na kuanzia hapo barabara ni changarawe na vumbi jekundu. Ubavu wenye dawa mbichi hukamata vumbi hilo na kulishikilia, hivyo kufikia kilele cha ukingo wa kreta tairi lililong'aa sana asubuhi huwa limegeuka tope la mafuta, wakati tairi safi lisilo na ziada lina vumbi kavu linalopukutika lenyewe. Anayejali sura ya gari kwa siku tano za safari, na si kwa dakika tano za hotelini, ndiye mwenye sababu kubwa zaidi ya kupunguza dawa. Sijui mgeni aliyewahi kusifu mng'ao wa tairi huku suruali yake ya kaki ina mstari mweusi gotini, aliouokota akipanda garini kwa kupitia gurudumu la nyuma.

Pingamizi la pili husema dawa hulinda mpira dhidi ya jua kali la ikweta, na jua la mwinuko huu ni kali kweli. Hapa madai ya kwenye chupa yamezidi ukweli. Kinga ya tairi iko ndani ya tairi: masizi, nta na zile kemikali, ambazo huhitaji tairi lizunguke na kukunjika ili zisambae hadi juu. Gari la utalii linalokwenda mbugani kila wiki linapata zoezi hilo kwa wingi. Ninakubali kwamba dawa ya maji, ikipakwa utando mwembamba, haidhuru, na kwa gari lililoegeshwa miezi ya masika bila kazi huenda ikasaidia kidogo. Lakini gari hilo lingenufaika zaidi na kivuli na upepo uliojazwa sawasawa. Na ikiwa dawa inalinda, inalinda kwa utando ulioshika mpira, si kwa ziada inayosubiri kurushwa, kwa hiyo hata hoja hii ikikubaliwa yote haimtetei mwenye kumwaga.

Tena kuna jambo ambalo mng'ao hulificha. Kusugua tairi kwa mkono ndiyo nafasi bora ya kulikagua. Mwiba wa mgunga uliokatikia mferejini, jiwe lililobanwa kati ya meno, mpasuko mdogo wa ubavuni, uvimbe unaoonyesha nyuzi za ndani zimekatika: vyote hivyo kidole huviona kabla ya jicho, na vyote hupotea chini ya dawa nzito. Bora vigundulike yadini kuliko karibu na lango la Naabi la Serengeti, ambako dereva atalazimika kukumbatia gurudumu la kilo zipatazo 30 alibadilishe vumbini; likiwa limepakwa mafuta ya kuteleza, kazi hiyo huwa ngumu maradufu na shati la kazi ndilo linalolipa. Wanunuzi wa matairi ya mitumba nao wana cha kujifunza hapa. Tairi kuukuu linalong'aa dukani lifutwe kwanza kwa kitambaa chenye sabuni, kisha zisomwe tarakimu nne za ubavuni, mbili za juma na mbili za mwaka lilipotengenezwa. Kwa bodaboda kanuni ni fupi zaidi: tairi la pikipiki lisipakwe dawa popote, ubavuni wala kwenye meno, kwa sababu pikipiki hulala ikikata kona na bega la tairi ndilo linaloishikilia barabara.

Mwenye kujali mazingira anaweza kuuliza: si kusugua zaidi ni maji mengi zaidi, katika mji ulioujua mgao wa maji? Swali ni la haki. Kinachokunywa maji mengi, hata hivyo, ni mpira wa presha unaoachwa wazi ili ufanye kazi ya mkono. Ndoo moja na brashi hutosha kwa matairi manne ikiwa matope yameshatolewa. La maana zaidi ni maji hayo yanaelekea wapi. Arusha imekatwa na mito Themi na Naura, inayopeleka maji yake Bonde la Pangani hadi bwawa la Nyumba ya Mungu, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli zinazoweza kuharibu chanzo cha maji ndani ya mita 60. Yale maji ya kahawia yanayotoka kwenye brashi si udongo tu. Mwaka 2020 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba kemikali moja ya kukinga matairi, ikigeuzwa na ozoni, ndiyo iliyokuwa ikiwaua samaki aina ya salmoni katika vijito vya jimbo la Washington kila mvua ilipoosha barabara. Samaki hao hawapo Themi, lakini mkulima anayemwagilia mboga kando ya mto yupo. Yadi yenye sakafu ya zege na shimo la kutenga mafuta hujengwa mara moja. Na kadiri dawa inavyopakwa kwa sponji badala ya kupuliziwa, ndivyo shimo hilo linavyopata kidogo cha kutenga.

Pingamizi lililobaki ndilo ninaloliona gumu kuliko yote, nalo halina uhusiano na kemia. Vijana wa kuosha magari hulipwa kwa gari, si kwa saa, na gari likirudi saa kumi na mbili jioni likiwa na safari nyingine alfajiri, hakuna anayewalipa kusubiri tairi likauke. Chupa ya kupulizia ni jibu lao la busara kwa malipo ya namna hiyo, na kuwalaumu kwa uzembe ni kukwepa hesabu. Wenye kampuni ndio wenye uwezo wa kubadilisha. Matairi yatajwe kama kazi yake yenyewe kwenye bei ya kuosha, yenye malipo yake, na chupa za kupulizia ziondolewe yadini zibaki sponji. Fedha yake haiko mbali: dawa inayokwisha kwa magari machache ikipuliziwa hutosha mengi zaidi ikipakwa, na kazi ya kung'arisha tena milango yenye madoa haitakuwepo. Si lazima tairi lioshwe kwa kina hicho kila jioni. Likishatolewa tabaka la dawa za zamani, brashi moja ya haraka hulitosha kwa safari kadhaa. Meneja anayetaka kuhakikisha naye hana haja ya kusimama juu ya vichwa vya watu. Apitishe kidole ubavuni mwa tairi kabla gari halijatoka getini. Kikitoka na mafuta, kitambaa kirudi kazini kabla ya ufunguo.